Saratani ya utumbo mpana: maswali tunayoulizwa wodini na kliniki

Mimi ni muuguzi. Siku nyingi niko wodi ya upasuaji, na siku za kliniki nakaa chumba cha kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi kila wiki, mengine kwa sauti ya chini, mlangoni, daktari akishaondoka. Nimeyapanga kuanzia dalili hadi mambo yanayowapata wachache. Yatakusaidia kuelewa unachoambiwa, ila dozi na uamuzi vinatoka kwa wenye faili lako.

## Kabla ugonjwa haujapewa jina

1. Saratani ya utumbo mpana inaanzaje?

Utumbo mpana una urefu wa kama mita moja na nusu. Unaanzia chini kulia, karibu na kidole tumbo, unapanda, unakatiza chini ya ini, unashuka upande wa kushoto hadi kwenye puru. Saratani nyingi za hapo huanza kama kinyama kidogo kinachoota ukutani kwa ndani, kiitwacho polipu. Polipu nyingi hazifiki mbali, lakini chache hubadilika polepole, mara nyingi kwa miaka kumi hivi, zikawa saratani. Ndiyo maana kamera ikiiona polipu na kuiondoa siku hiyo hiyo, ugonjwa unakuwa umezuiwa kabla haujazaliwa.

2. Naona damu nikienda chooni. Si bawasiri tu?

Inawezekana. Lakini bawasiri na saratani zinaweza kukaa kwa mtu mmoja, na bawasiri ndiyo inayopewa lawama zote. Damu iliyochanganyika na kinyesi, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa (kuhara, kufunga, au kuwa chembamba kuliko kawaida yako), kuhisi hujamaliza kila unaponyanyuka, kupungua uzito bila sababu: hayo yanahitaji kupimwa, si kupewa dawa ya kupaka na kurudi nyumbani.

Nilimpokea baba mmoja aliyekuwa ametibiwa amiba mara tatu na bawasiri mara moja, jumla miezi minane, na hakuna popote alipopimwa kwa kidole. Kidole chenye glavu na jeli ni kipimo cha dakika moja. Kina aibu yake, kweli, lakini uvimbe wa puru ulio karibu hukutwa hapo hapo.

Uvimbe wa upande wa kulia mara nyingi hauonyeshi damu kwa macho. Unavuja kidogo kidogo, mtu anaishia kuchoka na kuhema akipanda ngazi. Mwanaume yeyote, au mwanamke aliyekoma hedhi, akikutwa na upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma, asiishie kwenye vidonge vya kuongeza damu. Damu hiyo imekwenda wapi?

3. Nina miaka 34. Huu si ugonjwa wa wazee?

Wengi wana zaidi ya 50, lakini vijana wapo, na hao ndio wanaocheleweshwa zaidi kwa sababu hakuna anayewafikiria. Marekani ilishusha umri wa kuanza uchunguzi kwa watu wasio na dalili kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021. Ukiwa na dalili, umri hauhusiki: nenda upimwe. Kama kuna historia katika ukoo, ruka hadi swali la 22.

4. Nitapimwa nini?

Kipimo kikuu ni kolonoskopi, kamera inayopita njia ya haja kubwa na kukata kinyama cha kupeleka maabara ya patholojia. Bila jibu la kinyama hicho, hakuna anayepaswa kukuanzishia kemo. Kisha picha ya CT ya kifua, tumbo na nyonga, na kipimo cha damu cha CEA, protini ambayo saratani hii mara nyingi huitoa. CEA haitumiki kusema una saratani au huna, maana hata sigara huipandisha. Kazi yake ni kuwa alama ya mwanzo, ili baadaye tujue inashuka au inapanda.

Usafishaji wa tumbo ni nusu ya kipimo. Dawa ni nyingi na ladha yake haipendezi, lakini inywe yote, hadi kinachotoka kifanane na mkojo wa njano. Aliyekula maharage jana yake na kumwaga nusu ya dawa kwenye sinki huwa anarudishwa kupangiwa siku nyingine.

## Steji

5. "Steji" maana yake nini hasa?

Ni jibu la swali moja: ugonjwa umefika wapi? Nikiwa na karatasi huwa nachora ukuta wa nyumba. Rangi ya ndani ni ngozi laini ya utumbo. Chini yake kuna lipu. Kisha tofali, yaani msuli. Nje ya tofali kuna mafuta yanayouzunguka utumbo, na ng'ambo yake ni jirani: kibofu, ukuta wa tumbo, utumbo mwembamba.

Madaktari huandika herufi tatu. T ni kina: T1 imefika kwenye lipu, T2 imeingia kwenye tofali, T3 imepenya tofali na kutokea kwenye mafuta, T4 imetoboa hadi nje kabisa au imemshika jirani. N ni tezi za limfu, vituo vidogo vinavyochuja majimaji ya mwili: N0 hakuna hata moja yenye saratani, N1 ni tezi moja hadi tatu, N2 ni nne au zaidi. M ni safari ya mbali: M0 haijasafiri, M1 imefika kiungo kingine, mara nyingi ini, mapafu au ngozi inayofunika matumbo.

6. Sasa steji ya 1 hadi ya 4 zinatokana na nini?

Zinatokana na herufi hizo. Steji ya 1 ni T1 au T2 bila tezi. Steji ya 2 ni T3 au T4 bila tezi. Tezi hata moja ikikutwa na saratani, bila kusafiri mbali, inakuwa steji ya 3 bila kujali kina. M1 ikiandikwa, ni steji ya 4. Kuna pia steji 0, ambayo haijapita ngozi ya ndani.

Usizichukulie kama madarasa ya shule kwamba namba kubwa lazima iwe mbaya kuliko ndogo. Uvimbe mdogo wenye tezi moja (3A) huwa na matokeo mazuri kuliko uvimbe uliomshika jirani bila tezi yoyote (2C). Kwa hiyo ukiambiwa namba, omba na herufi zake.

7. Kwa nini daktari hasemi steji mpaka baada ya upasuaji?

Kwa sababu CT inakisia. Inaona vizuri ini na mapafu, lakini tezi ndogo yenye saratani inaipita. Jibu la uhakika linatoka kwa mtaalamu wa patholojia anayekipasua kipande kilichotolewa na kuhesabu tezi. Zinatakiwa zisipungue 12. Ripoti ikisema "tezi 4, zote safi", hiyo si habari njema kamili. Huenda ya tano ilibaki bila kuangaliwa, na idadi hiyo peke yake inaweza kubadili uamuzi wa kemo (swali la 12).

Chukua nakala ya ripoti hiyo. Ipige picha kwa simu, mtumie na mtoto wako. Faili hupotea, na mgonjwa akihamia hospitali nyingine bila ripoti anaanza upya.

8. Baba alikuwa steji ya 3, sasa imerudi kwenye ini. Amepanda steji ya 4?

Kwa lugha ya faili, hapana. Steji ni kumbukumbu ya siku ugonjwa ulipopimwa mara ya kwanza na haibadilishwi. Utaandikwa "steji ya 3, umerudi kwenye ini". Matibabu hata hivyo yatafuata hali ya leo, na yanafanana na ya steji ya 4.

9. Ripoti imeandika "daraja la 2". Ndiyo steji ya 2?

Hapana. Daraja ni sura ya seli chini ya darubini, jinsi zilivyojitenga na seli za kawaida. Steji ni umbali. Mkanganyiko huu umewaliza watu bure.

10. Steji ya 4 ni kwenda nyumbani kusubiri?

Si lazima. Walio na madoa machache kwenye ini au pafu, yanayoweza kukatwa, hupasuliwa, na sehemu yao hupona kabisa. Wengine madoa hupunguzwa kwanza kwa dawa, ndipo daktari wa upasuaji anaangalia tena. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: "Yanaweza kukatwa? Na kama sivyo leo, yakipungua je?"

Wengi wa steji ya 4, tuseme ukweli, hawaponi. Kwao dawa hurefusha maisha na kupunguza dalili. Hilo nalo ni matibabu.

## Matibabu

11. Wanasema saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Ni kweli?

Sivyo. Kwa utumbo mpana upasuaji ndio tiba kuu, na steji ya 1 wengi humalizana nayo hapo hapo. Imani hii ina chanzo chake: watu wengi hufika hospitali wamechelewa, wanafunguliwa, ugonjwa unakutwa umeshaenea, wanafungwa na kufariki baada ya muda mfupi. Nyumbani wanakumbuka kisu. Ile miezi kumi kabla ya kisu haikumbukwi.

Na kama unashangaa kwa nini mwenzako wa kitanda cha pili amepigwa mionzi na wewe hukupigwa, muulize uvimbe wake uko wapi. Mara nyingi utakuwa kwenye puru. Puru imetulia ndani ya nyonga na mionzi inailenga vizuri, wakati sehemu kubwa ya utumbo mpana inacheza tumboni katikati ya viungo vingine.

12. Nani anahitaji kemo, na kwa muda gani?

Steji ya 1 hahitaji. Steji ya 3 kwa kawaida anahitaji, kwa sababu tezi zimeshaonyesha kwamba seli zinajua njia. Steji ya 2 ni ya mjadala: daktari ataangalia kama utumbo ulikuwa umeziba au umetoboka, kama ni T4, kama tezi zilizohesabiwa hazifiki 12, na kipimo cha MMR cha kinyama (kinachoonyesha kama seli zimepoteza uwezo wa kurekebisha makosa ya DNA) ikiwa kinapatikana. Steji ya 4 hupewa dawa kulingana na mpango wa swali la 10.

Dawa za msingi ni mbili: fluorourasili (au kidonge chake, kapesitabini) na oksaliplatini. Zamani wote wa steji ya 3 walipewa miezi sita. Matokeo ya pamoja ya tafiti za IDEA, yaliyotoka 2018, yalionyesha kuwa kwa wenye hatari ndogo (T1 hadi T3, na N1) miezi mitatu ya kapesitabini na oksaliplatini inakaribia sana kutosha, tena ganzi inapungua mno. Uliza kama wewe ni mmoja wao.

Lengo ni kuanza ndani ya wiki nane baada ya upasuaji, kidonda kikiwa kimepona. Anayesema "nikavune kwanza, nirudi" asipite hapo.

13. Nimekunywa soda baridi baada ya dripu, koo likajikaza nikadhani nakufa. Nini kile?

Oksaliplatini. Kwa siku chache baada ya dripu, mishipa ya fahamu inagombana na baridi. Kushika chupa iliyotoka friji ni kama kushika umeme, na koo huhisi kufungwa ingawa hewa inapita. Kunywa vitu vya uvuguvugu, usikae mbele ya kiyoyozi, mwache mwingine atoe samaki kwenye friza.

Hiyo hupita. Ganzi inayobaki kati ya dripu na dripu ni jambo jingine. Ukishindwa kufunga vifungo vya shati, au kandambili zinakutoka mguuni bila kujua, tuambie kabla ya dripu inayofuata. Dozi hupunguzwa au dawa husimamishwa. Wagonjwa wanatuficha wakiogopa kuachishwa kemo, na wengine wanabaki na ganzi kwa miaka.

14. Nimepata homa siku ya tisa baada ya kemo. Ninywe dawa ya malaria?

Hapana. Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu alijue hata akisahau mengine yote.

Kati ya siku ya 7 na ya 14, chembe nyeupe za damu huwa chini kabisa. Maambukizi madogo yanaweza kuua ndani ya siku moja au mbili. Joto likifika 38, ni dharura ya saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Nunua kipimajoto kabla ya kemo ya kwanza. Usinywe panadoli kabla hujapima, maana inashusha joto na kuficha moto uliopo. Ukifika hospitali, neno la kwanza mlangoni liwe: "Niko kwenye kemo, nina homa." Usikae foleni kimya.

Na kipimo cha malaria kikisoma chanya? Utatibiwa malaria, lakini chembe nyeupe bado zipimwe. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

15. Vidonge vya kapesitabini vinatumiwaje nyumbani?

Asubuhi na jioni, ndani ya nusu saa baada ya kula, kwa siku 14, kisha mapumziko ya siku 7. Vimeze vizima, visisagwe. Viganja na nyayo vikianza kuwa vyekundu, kuwaka au kuchubuka, au ukianza kuhara mara nne zaidi ya kawaida yako kwa siku, acha vidonge na upige simu siku hiyo. Kama unatumia warfarini, sema mapema, kwa sababu hivi viwili pamoja vinaweza kuleta damu isiyokatika.

16. Naweza kuchanganya na majani ya mstafeli?

Mnachanganya, tunajua. Chupa huwa iko chini ya kitanda. Ninachoomba ni usitufiche. Baadhi ya mitishamba huhangaisha ini lile lile linaloshughulika na kemo, na ini likipanda kwenye vipimo daktari atailaumu dawa na kuipunguza. Mstafeli hasa una kemikali inayodhuru mishipa ya fahamu, na wewe tayari unapewa oksaliplatini (swali la 13).

## Uuguzi wodini na nyumbani

17. Siku za kwanza baada ya upasuaji tutegemee nini?

Tutakunyanyua kitandani kesho yake, utanuna, na tutakunyanyua tena. Kutembea kunazuia damu kuganda miguuni na kunaamsha utumbo. Tutakuuliza "umejamba?" mbele ya wakwe, utusamehe. Vinywaji na chakula laini huanza mapema kuliko zamani.

Kati ya siku ya 3 na ya 7 tunaogopa kitu kimoja, mshono wa utumbo kuvuja. Mgonjwa aliyekuwa anaendelea vizuri anaanza homa, mapigo yanakwenda mbio, tumbo linauma na kujaa. Ndugu anayelala naye ndiye huwa wa kwanza kusema "leo hayuko sawa". Akisema hivyo, tunamsikiliza.

18. Stoma ni nini, na nitaishi nayo vipi?

Ni mdomo wa utumbo uliotolewa nje ya tumbo ili choo kiingie kwenye mfuko. Nyingine ni za muda wa miezi, nyingine za kudumu. Ikiwa na afya ni nyekundu na yenye unyevu kama ndani ya mdomo wako. Haina maumivu ikiguswa. Ikigeuka zambarau au nyeusi, au ikinyamaza kabisa huku tumbo linajaa na unatapika, njoo saa hiyo.

Mwaga mfuko ukifika theluthi moja, usingoje ujae, kwa kuwa uzito ndio unaong'oa gundi usiku. Ngozi inasafishwa kwa maji matupu na kukaushwa kwa kitambaa laini, bila kusugua. Tundu la gundi likatwe kwa kuacha milimita 2 au 3 tu kuzunguka stoma, maana likiwa kubwa choo kinachoma ngozi. Pima upya kila mara kwa wiki sita za kwanza, stoma inasinyaa. Usipake mafuta, gundi haitashika.

Kama stoma ni ya utumbo mwembamba, choo ni majimaji na hatari ni kukaukiwa. Kiu, kizunguzungu na mkojo mweusi ni onyo. Kunywa ORS. Maji matupu mengi yanapita tu na kuondoka na chumvi yako.

19. Mifuko imeisha na hela hakuna. Nifanyeje?

Mama mmoja alikuja kliniki na khanga iliyokunjwa mara nne, imefungwa kiunoni, na ngozi chini yake imechubuka kama ya mtu aliyeungua. Alikuwa anaona aibu kusema. Mfuko unaofunguka chini unaweza kumwagwa, kuoshwa ndani kwa maji na kukaa siku tatu hivi, usitupe kila siku. Ukilazimika kutumia kitambaa kwa muda, hapo Vaseline au krimu ya zinki inafaa, kwa sababu hakuna gundi ya kuharibu, na kitambaa kibadilishwe kila kikilowa. Halafu mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Wodi nyingi zina mifuko iliyoachwa na familia za wagonjwa waliomaliza.

20. Nina stoma. Swala na saumu je?

Kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi pwani, anayetokwa bila kuweza kuzuia ni mwenye udhuru: anamwaga mfuko, anajisafisha, anatawadha wakati wa sala ukiingia, anasali, hata kikitoka kitu katikati. Shehe wako atakueleza vizuri zaidi yangu. Kuhusu saumu, naweza kusema kama muuguzi: mwenye stoma ya utumbo mwembamba, au aliye kwenye kemo na anaharisha, akifunga mchana kutwa figo zinaweza kuumia.

21. "Sista, mama asiambiwe." Mnaficha?

Tunaelewa upendo ulio ndani yake. Lakini mama anasoma bango la kliniki ya saratani kila akiingia. Mara nyingi anajua, na anawaficha ninyi. Tunachofanya ni kumuuliza yeye, watoto wakiwa nje: "Ungependa kuelezwa kiasi gani?" Wapo wanaosema "mwambieni mwanangu". Hilo ni jibu lake, tunaliheshimu.

Swali hili huja pamoja na la morfini. Morfini ya maji haiui wala si dalili kwamba tumekata tamaa. Mgonjwa anayeitumia kwa maumivu, kwa dozi aliyopimiwa, analala na kula. Inafunga choo, kwa hiyo ianze pamoja na dawa ya kulainisha. Uganda iliruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa, kuiandika tangu 2004, na wagonjwa wa vijijini wakaacha kulia usiku kwa kukosa daktari.

22. Watoto wangu wapimwe?

Mzazi, kaka, dada au mtoto wa mgonjwa aanze kolonoskopi akiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao mgonjwa aligundulika, lolote litakalotangulia. Baba aliugua akiwa na 44? Watoto waanze na 34.

Kama ukoo una wagonjwa kadhaa wa utumbo au mfuko wa uzazi, hasa chini ya miaka 50, uliza kuhusu Lynch. Ni hitilafu ya kurithi, kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuipata, na kipimo cha MMR kilichotajwa swali la 12 ndicho mlango wake. Hapo kamera huanza mapema zaidi na kurudiwa kila mwaka mmoja au miwili.

23. Nimemaliza kemo. Sasa?

CEA kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka miwili ya kwanza, kisha kila miezi sita hadi mwaka wa tano. CT kila mwaka. Kolonoskopi mwaka mmoja baada ya upasuaji. Kama kabla ya upasuaji kamera haikupita kwa sababu utumbo uliziba, ifanyike mapema, ndani ya miezi sita, maana hakuna aliyeona kilichoko ng'ambo ya uvimbe.

Na tembea. Utafiti wa CHALLENGE uliochapishwa 2025 uliwafuatilia wagonjwa 889 waliomaliza kemo. Waliowekwa kwenye mpango wa mazoezi wa miaka mitatu, asilimia 80 walikuwa hai bila ugonjwa baada ya miaka mitano, dhidi ya 74 ya waliopewa vijitabu tu. Mazoezi yenyewe kwa wengi yalikuwa kutembea kwa haraka, dakika 45 hivi, mara tatu au nne kwa wiki. Ukishuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani, umeanza.